Springi Iliyopumzishwa Jumapili

Wednesbury, 13 Machi 1911

Mdogo wangu Thirza,

Amani ya Bwana ikae nanyi huko milimani, wewe na shemeji Aaron. Sisi hapa tunapumua. Wifi yako Lavinia kifua kinambana, lakini ulimi wake haujambo, anakusalimu sana na anauliza kama huko Wales kondoo ni wengi kuliko watu kama tulivyosikia.

Nina habari. Ile mashine niliyokuambia imefika, na Bwana Thorneloe ameniweka mimi kuwa msimamizi wake hapa kiwandani kwake. Ni pipa kubwa la chuma lililolazwa ubavu, mgongoni limefungwa manundu, na injini ya mvuke inalizungusha kwa mkanda. Juu ya pipa tunakalisha gurudumu la gari, juu ya gurudumu springi, na juu ya springi sanduku la vyuma chakavu badala ya abiria. Kila nundu likipita, gurudumu linaruka, springi inajikunja, sanduku linashuka puu! Ndivyo mchana kutwa, na usiku mwenzangu wa zamu anapokea. Barabara mbovu yote tumeileta ndani ya banda moja.

Springi yenyewe ni ya aina mpya, mabapa yake ni membamba, yamepangwa moja juu ya jingine kama chapati za Jumanne ya kabla ya Kwaresima. Bwana Thorneloe anataka gari lake limbembeleze mtu kama kiti cha nyumbani. Akaniambia, "Fereday, ipige mpaka ilie. Nataka nijue itaishi muda gani kabla daktari fulani hajanunua gari langu."

Nikamwambia, "Mheshimiwa, nitaipiga siku sita. Ya saba hapana."

Akacheka. "Kwani chuma nacho kina sabato?"

"Chuma sijui. Mimi ninayo."

Alinitazama, akawasha kiko chake, akakubali. Kwa hiyo Jumamosi jioni natoa mkanda, injini inapoa. Na wewe unajua tulivyolelewa, viazi vilimenywa Jumamosi, viatu vilipigwa rangi Jumamosi, Siku ya Bwana isikute kitu kichafu nyumbani. Hata hapa siwezi kuondoka nikaacha banda kama zizi. Nafagia, nafuta pipa, naifungua springi, kila bapa nalifuta na kulipaka grisi, nafunga tena, ndipo naenda kuoga. Jumatatu asubuhi tunaanza sote tukiwa wasafi.

Jirani yetu Bi Bytheway hafurahi. Anasema vikombe vyake vinatembea kabatini na kuku wake wameacha kutaga. Nimemwambia awaombee.

Mwambie Aaron kazi zetu sasa ni moja. Yeye anaipiga springi huko kwenye mlima, mimi naipiga hapa.

Kaka yako,
Josiah Fereday


Dinas Mawddwy, 20 Machi 1911

Kaka,

Ndiyo, kondoo ni wengi kuliko watu, na wana adabu zaidi pia. Mwambie wifi.

Barua yako nimemsomea Aaron akiwa anakausha soksi kwenye jiko. Amecheka pale kwenye kuku. Hapa mvua haijui kwamba kuna siku saba tu za juma. Anatoka asubuhi na gari la Thorneloe, viti vya nyuma vimejaa magunia ya mchanga yaliyokaa wima kama wageni wa harusi, anapanda ule mlima mpaka juu kabisa, anageuza, anashuka, anapanda tena. Akirudi simtambui kwa tope. Jumapili hatoki. Tunakwenda kanisani, mahubiri yote ni kwa Kiwelsh, nakaa tu na kusema amina wenzangu wakisema. Mungu ataelewa.

Nyumba ni nzuri, kaka. Ni mara ya kwanza tangu niolewe kupata jiko lenye tanuri linaloivisha mkate pande zote. Najua si yetu, ni ya kiwanda, na anayekaa humo ni dereva wa kiwanda. Lakini nimekwisha kupanda kitunguu uani, kwa hiyo usiniambie nisiizoee.

Sasa sikiliza. Juma lililopita springi imekatika. Bapa la juu, pa! Aaron alirudi mwendo wa kobe, gari limelala upande mmoja kama mlevi. Anasema nikuulize: "Hivi huko Wednesbury kuna springi za kuuza na springi za kuonyesha wageni? Maana ya kwako iko peponi na ya kwangu iko Wales."

Usikasirike, ndiyo masihara yake.

Thirza


Wednesbury, 3 Aprili 1911

Thirza mpendwa,

Mwambie shemeji masihara yake nimeyapokea, na jibu ni kwamba springi ni zilezile, chuma kilekile, tanuru lilelile. Nimekwenda mwenyewe kuuliza.

Lakini kusema kweli nimekosa raha. Hii yangu imepigwa majuma mfululizo na haina hata ufa. Bwana Thorneloe anapita kila siku, anaipigapiga kofi kama farasi aliyeshinda mbio. Wanunuzi wameanza kuagiza. Jana alisimama karibu yangu akauliza, "Huyu Pardoe, shemeji yako, ni mtu wa namna gani kwenye usukani?"

Nikasema ni mtu mwaminifu.

Akasema, "Sikuuliza hilo."

Nami nakuuliza wewe kwa upole, maana ndiye unayeishi naye: je, anaharakisha? Namkumbuka alivyokuwa anakimbiza baiskeli pale mteremko wa Church Hill, watu wanawavuta watoto wao pembeni. Simlaumu. Mlima unavuta damu ya mtu. Lakini kama anaruka mashimo ili awahi chai yako, mwambie springi si mbuzi.

Lavinia anaisoma barua hii juu ya bega langu na anasema nimeandika kama mzee wa kanisa. Anasema nifute. Sifuti.

Kanisani tumeanza kuwafundisha watoto nyimbo za Sikukuu ya Shule ya Jumapili, itakuwa tarehe ishirini na moja Mei. Mwaka huu pia mimi ndiye ninayewaongoza mapigo ya wimbo kwa fimbo. Watoto wa Bi Bytheway wanaimba kama vyura, lakini wanaimba kwa bidii.

Kaka yako,
Josiah


Dinas Mawddwy, 12 Aprili 1911

Kaka,

Naandika kwa haraka. Springi nyingine imekatika, safari hii wakati wa kushuka. Gari limegusa ukuta wa mawe, limeumia taa na kitu kingine mbele sijui jina lake. Aaron hajambo. Amechoka tu, amelala, ndiyo maana nimeandika mimi taarifa ya kiwanda na yeye ametia sahihi.

Hapana, haharakishi. Nimekujibu kwa upole kama ulivyouliza.

Pasaka njema kwenu.

Thirza


Wednesbury, 17 Aprili 1911, Jumatatu ya Pasaka

Mdogo wangu,

Amefufuka kweli, na sisi tumefurahi pamoja naye. Kanisa lilijaa hadi ngazi za juu, Lavinia amevaa kofia mpya na hakukohoa hata mara moja mpaka mahubiri yangu yalipoanza.

Namshukuru Mungu shemeji hakuumia. Nilipopata barua yako nilipiga magoti hapohapo bandani, mashine ikipiga na mimi nikiomba. Gari ni gari, taa hununuliwa.

Sina habari kubwa. Bwana Thorneloe ana mambo mengi, washirika wake wa London wanamsumbua juu ya hizi springi, wanataka jibu moja na si majibu mawili. Ananiuliza maswali, namjibu nijuavyo. Mtu hawezi kusema zaidi ya kile alichokiona kwa macho yake, nadhani utakubali.

Mwambie Aaron aendeshe kwa utulivu katika majuma haya. Nimemkumbuka kwenye maombi zaidi ya kawaida. Na wewe pia, dada.

Josiah


Dinas Mawddwy, 29 Aprili 1911

Josiah,

Bwana Thorneloe amekuja mwenyewe. Amesimama jikoni kwangu na kofia yake mkononi, hakutaka kukaa. Aaron alikuwa kwenye kiti karibu na moto, mkono wake umefungwa kwenye ubao kuanzia bega mpaka kiganja.

Ndiyo. Umevunjika mahali pawili. Sikukuambia. Aaron aliniomba nisimwambie mtu, akisema mfupa utaunga kabla kiwanda hakijajua, na akina Evans, wale mafundi wa gari wanaokaa nasi, walikuwa wanamwendeshea gari kwa siri. Nilikudanganya kaka yangu mwenyewe siku chache kabla ya Pasaka, na nimetubu kwa hilo. Lakini subiri, zamu yako inakuja.

Bwana Thorneloe alisema, "Pole, Pardoe. Lakini mwisho wa Mei utaniachia gari, na nyumba pia."

Aaron akasema, "Springi ndiyo iliyokatika, mheshimiwa, si mimi."

"Springi ni nzima. Nina neno la mtu anayeipiga kila siku."

"Nani?"

Na yule bwana, nadhani hakutaka kusema, alinitazama mimi kwanza. Akasema, "Fereday aliniambia hivi: Springi haina kosa, mheshimiwa, muulize anayeiendesha."

Ulisema hivyo, Josiah? Kwa mdomo uleule wa kuhubiria? Halafu ukaketi ukaniandikia Amefufuka kweli, ukaniambia unamkumbuka Aaron kwenye maombi! Nilidhani ni mapenzi. Nilimsomea Aaron ile barua, akasema, "Kaka yako ana moyo mzuri." Nami nikasema ndiyo.

Bapa lililokatika liko hapa mezani mbele yangu. Nililitoa kwenye gari ili nilitazame nikiwa na hasira. Upande wa ndani, pale mabapa yanapolaliana, ni jekundu kwa kutu kama jembe lililosahauliwa shambani. Hiyo ndiyo springi yako isiyo na kosa. Aaron Pardoe hana kutu.

Wapi tutakwenda sijui. Akipona mkono, nani atamwajiri dereva aliyefukuzwa kwa kuvunja magari?

Usiniandikie mahubiri.

Thirza


Wednesbury, 3 Mei 1911

Shemeji Aaron,

Siwezi kumwandikia Thirza leo, sistahili. Nakuandikia wewe, na kama utaitupa barua hii motoni nitaelewa.

Nilisema maneno yale. Sikujua mkono wako umevunjika, lakini hata ningejua haibadilishi kwamba nilisema.

Nina swali moja, na nakuomba unijibu hata kwa neno moja. Thirza ameandika kwamba mabapa yana kutu ndani. Yangu yanang'aa kama vijiko vya wageni. Kule mlimani mnazipaka grisi springi siku gani?

Josiah


Dinas Mawddwy, 8 Mei 1911

Shemeji,

Naandika kwa mkono wa kushoto, samahani herufi zinatembea kama bata. Thirza amekataa kuniandikia barua inayokwenda kwako, lakini kaniletea wino na karatasi bila kuombwa, kwa hiyo usikate tamaa.

Jibu ni hakuna siku. Hatupaki kitu. Ni amri ya Thorneloe tangu mwanzo: "Pardoe, liendeshe kama daktari aliyelinunua." Na daktari aliyelinunua, shemeji, anajua kulijaza petroli na kupiga honi. Hajui kwamba springi ina tumbo. Atalipitisha mtoni, atalilaza nje kwenye mvua, asubuhi atapanda na kwenda kumzalisha mtu. Nami nafanya hivyohivyo. Nikirudi naosha tope usoni mwangu tu, gari naliacha lilivyo.

Baada ya juma la mvua springi zinaanza kulia. Wiii, wiii, kila shimo. Evans anasema ni kama kubeba nguruwe kwenda sokoni. Halafu zinanyamaza, zinakuwa ngumu, hazijikunji tena vizuri. Halafu pa!

Wewe zako zinalia?

Mkono unawasha, daktari anasema ndiyo dalili njema. Usijiue kwa yale maneno. Mimi pia ningeliona chuma changu kizima ningemtazama dereva.

Aaron


Wednesbury, 25 Mei 1911

Dada yangu Thirza,

Uliniambia nisikuandikie mahubiri, na hata ungetaka sina, kama utakavyoona.

Barua ya Aaron niliisoma nimesimama bandani. Nilipofika pale anapouliza kama zangu zinalia, niligeuka nikaitazama springi yangu. Hazikulia hata mara moja, Thirza. Zingelia vipi? Kila Jumamosi nilizifungua, nikazifuta, nikazinywesha grisi kama mtoto anayenyweshwa maziwa kabla ya kulala. Hakuna daktari katika Uingereza nzima atakayefanya hivyo. Nilikuwa sipimi springi ya gari la mtu. Nilikuwa napima springi ya Josiah Fereday, iliyotayarishwa kwa ajili ya Siku ya Bwana. Na kwa usafi wangu huo nikamfukuzisha kazi mume wako.

Nilikwenda kwa Bwana Thorneloe na barua mkononi. Alisoma yote, hata pale pa nguruwe.

"Fereday, wewe ni shemeji yake."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na mwezi uliopita ulikuwa shemeji yake?"

"Nilikuwa."

"Basi nishike lipi? La mwezi ule au la mwezi huu?"

Akaegemea kiti, si mtu mbaya, lakini amekwisha kuahidi magari kwa watu. Akasema, "Washirika wangu wanafika Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili. Siku hiyo tunaipitisha springi, na dereva mpya anatia sahihi. Ukiniletea chuma kilichokatika nitakisikiliza. Maneno sina pa kuyaweka."

Nikafunga springi mpya, kavu. Kila asubuhi niliimwagia maji ya mtaro yenye tope, bila kufuta, bila kugusa. Ilinitesa mikono, nakuambia. Siku ya tatu ikaanza kulia, na Bi Bytheway akaja mlangoni, mikono kiunoni. "Sasa unachinja nini humo, Josiah?" Nikamwambia ni springi. Akasema, "Hata kuku wangu hawakulia hivyo."

Ikalia, ikanyamaza, ikawa ngumu, kila kitu kama Aaron alivyoandika. Ila haikukatika. Ikafika Jumamosi jioni, saa ya kutoa mkanda, na ilikuwa bado nzima.

Nilisimama na mkono kwenye mti wa kutolea mkanda. Thirza, mkono huo umetoa mkanda kila Jumamosi tangu nianze kufanya kazi kwenye mashine, na tangu tulipokuwa watoto hakuna mtu wa nyumba ya baba aliyezungusha gurudumu Siku ya Bwana. Nikitoa, Jumatatu springi ni nzima na Aaron amekwisha. Nisipotoa, basi. Niliomba. Sikusikia lolote ila puu, puu, puu. Nikauondoa mkono. Mwenzangu wa zamu nilimwambia aende nyumbani, sikutaka dhambi ya mtu mwingine iongezwe juu ya yangu kama ni dhambi.

Asubuhi Lavinia aliniletea mkate na nyama baridi. Alikuwa amevaa tayari, na kofia ile mpya. Aliitazama mashine, akanitazama mimi nikiwa na vumbi la makaa usoni.

"Huji."

"Siji."

"Leo ni Sikukuu ya watoto. Nani atawapigia mapigo?"

"Sijui, Lavinia."

Akakung'uta masizi begani mwangu, akasema, "Haya. Mimi naenda. Lazima mtu mmoja wa nyumba hii aonekane." Akaenda akiwa amenyoosha mgongo, na najua kila dirisha la mtaa lilimtazama.

Alasiri wakaja na maandamano. Unakumbuka yanavyopita, bendi mbele, bendera, watoto wote kwa mavazi meupe yaliyopigwa wanga. Kila mwaka wanapita mbele ya kiwanda. Niliwasikia kutoka mbali wakiimba, na nilijua watakapofika kwangu itakuwaje. Mashine ina mapigo yake, nao wana yao niliyowafundisha tangu Aprili. Walipofika mlangoni ngoma ya bendi ikaanza kuyumba, watoto wadogo wakashika mapigo ya mashine, wakubwa wakashika ya ngoma, wimbo ukapasuka katikati. Wakasimama. Nilikuwa na sepetu ya makaa mkononi. Kwenye mlango uliofunguliwa nusu niliona nyuso zao zote zimenigeukia, na mzee mmoja wa kanisa amevua kofia kama mbele ya msiba. Mtoto mmoja wa Bi Bytheway akasema kwa sauti, "Mama, mbona Mwalimu Fereday anafanya kazi?"

Wakaendelea kwenda bila wimbo mpaka kona.

Springi ilikatika walipokuwa wamefika kanisani. Pa! Sanduku likalala upande. Nikatoa mkanda. Kulikuwa kimya kiasi kwamba niliwasikia, mtaa mzima mbali, wameanza wimbo upya, na wanakwenda vizuri bila mimi.

Jumatatu niliweka vipande viwili mezani mbele ya mabwana wa London. Mmoja wao alipitisha kidole chake kwenye kutu, akakitazama, akakifuta kwenye karatasi ya Bwana Thorneloe. Springi haikupitishwa. Sasa wanataka tushone mifuko ya ngozi ya kuzifunika, yenye grisi ndani, ili daktari asihitaji kujua kitu. Na Bwana Thorneloe aliniita nje akaniambia, "Mwandikie dada yako wasifungashe mizigo. Ya kwangu mimi nitamwandikia Pardoe mwenyewe." Nadhani barua yake itafika pamoja na hii.

Jumanne wazee wa kanisa waliniita. Nilikuwa na lile neno la Bwana, kwamba mtu ambaye punda wake ametumbukia kisimani humtoa hata siku ya Sabato. Mzee mmoja akauliza, "Punda yuko wapi, Josiah? Sisi tunaona springi tu."

Nikasema, "Yuko Wales na mkono wake umevunjika. Na aliyemsukuma kisimani ni mimi."

Halafu wakaliondoa jina langu kwenye ratiba ya wahubiri mpaka mwisho wa Septemba, na fimbo ya watoto wamempa mtu mwingine. Sikuwapinga. Wana haki ya kulinda kile tulichokilinda sote. Kama nilitenda dhambi sijui. Nimeuliza kwa magoti na bado sijajibiwa. Ninachojua ni kwamba kama ningeutoa mkanda, leo ningekuwa nahubiri, na nisingeweza kukuandikia.

Sikuombi unisamehe kwenye barua. Nilitaka tu ujue lilivyokuwa.

Josiah


Dinas Mawddwy, 1 Juni 1911

Kaka,

Zote mbili zimefika siku moja, ya Thorneloe na ya kwako. Ya kwako niliifungua kwanza.

Aaron amefurahi sana kuitwa punda mbele ya wazee wa kanisa. Ametembea jikoni akilia kama punda mpaka nikamtishia ufagio. Ubao umetolewa. Kiwiko hakinyooki chote, daktari anasema huenda kitabaki hivyo, lakini usukani anaushika, na Jumatatu anapanda mlima tena. Kitunguu changu kimeota.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa kabla ya kujibu, kwa sababu nilitaka kukasirika vizuri, na kila nikianza nakutana na mimi mwenyewe njiani. Nilikuandikia kwamba Aaron hajambo. Ungejua yuko kitandani anauma shuka kwa maumivu, usingemjibu Thorneloe kwa wepesi ule. Ungenyamaza kwanza. Nakujua. Kwa hiyo hapo kisimani tulimsukuma wawili, kaka, wewe kwa kusema na mimi kwa kutosema. Hilo nimeliona na nimeliandika hapa, na sitaliandika tena.

Kuhusu dhambi usiniulize mimi, mimi husema amina kwa lugha nisiyoijua. Lakini nimewaza juu ya wale watoto wamesimama mlangoni na wewe na sepetu yako. Nimewaza pia kwamba hukufunga mlango.

Evans na wenzake wanaokaa kwetu si watu wa kanisa. Jumapili wanalala mpaka mchana, halafu wanashuka jikoni wananuka petroli, wanataka chai. Niliwasomea barua yako, ile ya maandamano. Nilidhani watacheka. Evans aliniomba nirudie. Halafu akasema, "Huyo mtu akija kuhubiri hapa, mimi ningesikiliza." Na kwa kuwa mpaka mwisho wa Septemba huko hawakuhitaji wewe, hakuna atakayesema umekimbia zamu.

Njoo na wifi, hewa ya huku itamfaa kifua. Kuna chumba. Kondoo nimewaambia.

Aaron alikwisha kukusamehe kabla chai yake haijapoa, ndivyo alivyo, siwezi kumzuia. Mimi ni mzito zaidi, nimefika kama nusu ya njia, na nusu iliyobaki sitaki kuimalizia kwenye karatasi. Panda treni ya Jumamosi. Nitaimaliza ukiwa umekaa hapa mezani, unakula.

Dada yako,
Thirza